Mpaka Bei Irudi

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na Mama, na kwamba jua halikuumizi sana macho. Mimi sijambo na kazi inaendelea. Ila nimekasirika, na sitaki kuanza barua kwa uongo.

Jumapili ulinikatia simu nikiwa bado nasema. Ulisema habari za hisa hutaki kuzisikia tena, basi utazisoma. Au tuseme utasomewa, maana tangu macho yako yaharibiwe na mwanga wa tanuri, Mama ndiye msomaji na mwandishi wako. Mama, shikamoo. Soma yote, usiruke.

Baba, mimi nakaa dirishani kwenye ofisi ya dalali wa hisa kutwa nzima. Watu wananiletea maswali yale yale: ninunue ipi, nishike mpaka lini, ikishuka nifanyeje. Nawajibu watu hata siwajui, na wananisikiliza. Baba yangu mzazi ananikatia simu!

Nasema tena. Kiwanda cha chupa umekifanyia kazi maisha yako yote. Pensheni yako inatoka kiwandani. Nyumba mnayoishi ni ya kiwanda. Na kila hisa uliyo nayo ni ya kiwanda hicho hicho. Mmejenga nyumba ya mlango mmoja. Siku mlango huo ukifungwa mnalala nje wote. Sikuambii uuze zote. Uza nusu. Kwanza tujazie fedha ya goti la Mama iliyoko benki, maana daktari ameshasema lisipopasuliwa mwaka huu mguu utazidi kupinda. Kinachobaki kigawe: sehemu ikae benki, sehemu tununulie hisa za kampuni mbili tatu zenye biashara tofauti.

Huu mwaka wa pili kampuni haijatoa gawio. Wauza soda wamehamia chupa za plastiki. Si umbea wa mtaani huo, yamo kwenye taarifa ya kampuni yenyewe, ile uliyofungia kioo cha redio kisipasuke.

Naomba jibu.

Binti yako

14 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Sisi huku wazima kabisa. Simu sikuikata, niliiweka chini. Kuna tofauti.

Umesoma, hongera sana, Bibi Hisa. Lakini hiyo bei unayoililia mimi nimeiona ikianguka zaidi ya mara moja, na kila mara ikarudi. Ilipoanguka mara ya kwanza wenye mioyo ya kuku walikimbia wakauza. Walionunua ni nani? Matajiri. Bei iliporudi wakacheka pamoja na sisi tulioshika. Ndipo tukaapa, mimi na jirani yetu Miwani na wenzetu wa zamu ya tanuri, pale kwenye benchi letu nje ya lango. Kila mmoja aliweka kiganja ukutani, kwenye matofali ya kiwanda, akasema hauzi hata moja mpaka afe. Miwani aliapa kwa sauti kuliko wote. Sasa wewe unataka mimi nilambe matapishi yangu kwa sababu ya karatasi za ofisini kwako?

Unaniambia nishike kampuni mbili tatu. Mshika mbili moja humponyoka. Biashara ya benki siijui, ya simu siijui. Chupa naijua.

Halafu jambo jingine. Nikikaa barazani naliona bomba la moshi. Macho yangu mabovu, lakini moshi nauona. Asubuhi upo, jioni upo. Kiwanda kinachotoa moshi kinafanya kazi, na kinachofanya kazi kitalipa. Nitauza kiasi siku bei itakaporudi pale ilipokuwa nilipostaafu. Chini ya hapo hata senti, sitaki. Mama yako anavumilia. Mvumilivu hula mbivu.

Baba yako

(Mwandishi anakusalimu sana. Goti liko vile vile. Ngazi za nje zimekuwa ndefu siku hizi.)

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Za huko? Mama, pole na ngazi.

Moshi! Baba, kweli moshi? Umesahau nani alinifundisha habari za moshi ule? Nilikuwa mdogo, siku ya familia kiwandani, ukanibeba mabegani ili niione ile midomo ya tanuri. Ukaniambia tanuri la vioo halizimwi. Likipoa, kioo kinaganda tumboni mwake na tanuri zima linapasuka. Linawaka sikukuu, linawaka kwenye mgomo, linawaka hata chupa zikikosa mnunuzi na kujaa uwanja mzima. Maneno yako hayo, kwa mdomo wako! Sasa moshi unakuambia nini? Unakuambia wanachoma mafuta. Basi. Haukuambii kama kuna mtu ananunua chupa.

Na hiyo bei ya siku uliyostaafu, soko haliijui. Soko halijui wewe ni nani, halijui uliunguza macho, halijui kiapo. Kila siku dirishani namwona mtu anayesema "ikirudi pale tu, nauza," na anazeeka nayo. Usijiulize ilikuwa bei gani. Jiulize hivi: kama leo ungekuwa huna hisa hata moja, una fedha taslimu mkononi, ungekwenda kununua hisa za kiwanda cha chupa? Kama hapana, kwa nini unazing'ang'ania?

Nijibu hilo moja tu.

Binti yako

19 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Wazima.

Umeuliza swali, jibu hili hapa. Ndiyo, ningenunua. Na si ningenunua, nimenunua! Nilikwenda mwenyewe kwa wakala wa hisa hapa mjini, yule aliye jirani na posta, kwa kuwa sikutaka kupitia dirishani kwako ukaanza kunihutubia. Nimechukua fedha ile ya benki iliyokuwa inangoja hospitali. Imekaa bure, inangoja nini? Bei imeshuka, hisa zimekuwa rahisi, na mwenye akili hununua kitu kikiwa rahisi. Bei ikirudi tutapasua magoti yote mawili na chenji itabaki.

Mama yako amekubali. Anavumilia. Yeye hana haraka kama wewe.

Nimemwambia mwandishi asiongeze maneno yake chini. Barua ni yangu.

Baba yako

27 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu ni wajibu.

Fedha ya goti! Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Wenzangu ofisini waliniuliza kama kuna msiba.

Fedha ile nilituma mimi kidogo. Nyingi aliitafuta Mama, na unajua aliitafuta vipi. Kwa sare za shule, mwaka hata mwaka, akipiga pedali ya cherehani kwa mguu ule ule unaomuuma. Goti limejitafutia dawa lenyewe, halafu wewe umeichukua ukaenda kununua moshi.

Rahisi kuliko nini, Baba? Nyanya iliyooza nayo ni rahisi. Kushuka kwa bei peke yake si urahisi. Huenda bei imeshuka kwa sababu kitu chenyewe kimepungua thamani, na kesho kikapungua tena. Sisemi najua kesho. Sijui, na anayekuambia anajua ni mwongo. Ningejua kesho nisingekuwa nakaa dirishani. Na kwa sababu sijui, ndiyo maana nasema fedha ya hospitali haichezewi sokoni. Fedha utakayoihitaji mwaka huu haiwekwi mahali panapoweza kukuambia ngoja miaka kumi. Soko lina muda. Goti halina.

Wewe ni mbishi, Baba. Mbishi kuliko watu wote ninaowahudumia, na nahudumia wabishi.

"Mama yako anavumilia." Nimechoka na sentensi hiyo.

Binti yako

30 Mei

Binti,

Marahaba.

Nilikaa kimya makusudi, nipoe. Sijapoa. Mwandishi amenisomea barua yako, na hata alivyoisoma kwa upole niliona ina pilipili. Mtoto hamsemeshi baba yake hivyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kumbuka.

Lakini leo nina neno jingine. Miwani amenunua gari. Gari dogo, la mtumba, jeupe, liko pale mlangoni kwake kila mtu analiona. Pensheni yake naijua, ni sawa na yangu. Haiwezi kununua hata matairi. Na nimekumbuka kwamba mwezi wa pili yeye na mkewe walisafiri mpaka huko kwako, eti kusalimia ndugu. Nimemfuata kwenye benchi nikamwuliza mbele ya wenzetu: umeuza? Akaapa hajauza hata moja. Akaapa tena, kiganja ukutani, bila aibu! Nimemwambia ni mwongo na msaliti. Tangu siku hiyo benchi limevunjika, kila mtu anakaa kwake.

Wewe unakaa dirishani. Unaona nani anauza na nani anashika. Niambie, ndiyo au hapana. Miwani aliuza?

Baba yako

8 Juni

Baba,

Shikamoo. Habari za afya?

Siwezi kukujibu. Jambo la mteja ni siri ya mteja. Simsemi aliyekuja wala simsemi asiyekuja. Ungeuza wewe, Miwani akaniuliza, ningemfungia mdomo hivi hivi, na wewe ungenishukuru.

Lakini nikuulize. Miwani akiwa ameuza au hakuuza, goti la Mama linapona? Bei imeshuka tena wiki hii. Zile ulizonunua Aprili, ukiziuza leo, unapata hasara, najua inauma. Itauma zaidi. Uza hizo tu, Baba. Hizo hazimo kwenye kiapo, umezinunua juzi. Nakuomba. Sikugombezi sasa, nakuomba.

Binti yako

20 Juni

Binti,

Kwa hiyo unajua. Ungekuwa hujui ungesema hujui.

Ulijua tangu mwezi wa pili kwamba rafiki yangu amenigeuka, ukaniacha nikae naye kwenye benchi nicheke naye. Unamtunzia siri Miwani, baba yako unamwandikia barua za matusi. Ofisi imekulea kuliko mimi.

Basi sikiliza. Sitauza. Siuzi za zamani, siuzi za Aprili. Na wewe usikanyage kizingiti changu mpaka bei irudi ilipokuwa. Siku hiyo uje, tukae, unihesabie mbele ya mama yako nani alikuwa sahihi.

Nimemwambia mwandishi asome nilichosema nihakikishe ameandika vilevile. Ameandika vilevile.

Baba yako

6 Julai

Baba,

Shikamoo.

Nimeipata. Nimekasirika mpaka nimeshindwa kuandika, na sasa naandika bado nimekasirika. Umenifukuza nyumbani kwa ajili ya bei. Nimekaa na watu waliopoteza mengi sokoni, sijawahi kumwona aliyempa soko funguo za mlango wake.

Kampuni imetangaza hasara. Nimeambatanisha fedha kidogo ya dawa za maumivu ya Mama. Ni za dawa. Usizipeleke kwa wakala.

Binti yako

11 Agosti

Baba,

Shikamoo. Mwezi na zaidi sijapata jibu. Nikipiga, simu inaita tu.

Usinijibu kuhusu hisa. Niambie tu Mama anaendeleaje. Anatembea? Naomba mstari mmoja.

Binti yako

9 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima, ukiondoa unachokijua. Natumaini na wewe uko salama, unakula, na hujakonda kwa hasira.

Hii ni barua yangu. Sijaambiwa niandike nini. Nimekaa mezani kama siku zote, mguu nimeunyoosha kwenye stuli, ila leo maneno ni ya mwandishi.

Nimekasirika, mwanangu. Nimekasirika na baba yako, na wewe pia, usijifiche nyuma yake. Tangu Machi mnaandikiana goti langu. Yeye goti, wewe goti. Baba yako amesema "mama yako anavumilia," nami nimeiandika sentensi hiyo kwa mkono huu, goti likiwa limevimba chini ya meza. Ananitajia maneno, naandika mwenyewe kwamba navumilia! Amesema nimekubali fedha itolewe. Nimeandika nimekubali. Nani aliniuliza? Na wewe msomi, umeliandika goti langu karibu kila barua, lakini bahasha zote ni za baba yako. Hata moja haikuandikwa jina langu. Umeniita humo ndani unisalimie, uniambie nisiruke mistari.

Niliruka. Ulipomwita mbishi nilisoma "mwenye msimamo." Nyanya iliyooza niliiacha kabisa. Na kuna maneno yake sikuyaandika, hutayajua mpaka nife. Nilidhani nikipunguza makali mtapoa. Kumbe niliwapa nguvu ya kuendelea. Lile la kizingiti tu ndilo lilinishinda, alinifanya nilisome mara mbili. Na Julai na Agosti hukujibiwa kwa sababu aliniambia andika hivi na hivi, nikamwambia mkono unauma. Haukuuma. Niligoma. Zile fedha za dawa zilifika, nimezinunulia dawa.

Sasa nisikilize, maana hili hakuna anayelikumbuka isipokuwa sisi wanawake. Kiwanda kilipogawa hisa kwa wafanyakazi, kila mtu aliwekewa kikomo. Wanaume wakajifanya wajanja, wakaandikisha wake zao ili wapate mara mbili. Tuliitwa siku moja, tukapanga foleni pale ofisini, tukatia saini kila mmoja jina lake, tukarudi jikoni. Wakasahau. Baadaye wakaenda kwenye benchi wakaweka viganja ukutani wakaapa hawatauza. Wao. Sisi kwenye benchi hatukualikwa, na ukuta hatukuugusa.

Miwani hakusema uongo. Hajauza hata moja. Aliyeuza ni mkewe, alizouza ni zake, na gari ni lake. Miwani anapewa lifti. Alimwambia mumewe fedha ni za kurithi kwa shangazi. Najua wewe ulimwona dirishani ukanyamaza. Ulifanya vizuri. Baba yako alistahili jibu, ila si kutoka kwako.

Wiki iliyopita mke wa Miwani alikuja na gari lake. Nilishuka ngazi kwa makalio, moja moja, kama mtoto. Tukaenda kwa wakala jirani na posta. Sikuja kwako kwa sababu sikutaka kukubebesha siri ya pili. Nimeuza zangu zote. Bei ilikuwa mbaya, sikufichi. Wakala mwenyewe alinihurumia, akasema ngoja mama, huenda zikapanda. Nikamwambia huenda, na zikipanda heri yake aliyezinunua. Mimi nataka kupanda ngazi za nyumbani kwangu. Baba yako anasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimelisikia la mkuu miaka yote ya ndoa yangu, na guu ni langu.

Zimetosha goti moja, na kidogo kimebaki, kiko benki kwa jina langu. Hospitali wamenipa tarehe mbili Oktoba.

Zake hajauza. Ni zake, sitazigusa. Huenda yeye ndiye atakayecheka mwisho, sijui, na wewe umesema hujui. Lakini hatanisubirisha tena nikimngojea acheke.

Nimefika hapa nikamwita nikamsomea barua yote. Safari hii sikuruka na sikupunguza. Nilipomaliza akasema, "Uliuza bila kuniambia." Nikasema, "Ulinunua bila kuniuliza." Akachukua fimbo akatoka. Nikajua amekwenda barazani kutazama bomba lake. Kumbe alivuka barabara. Nimemwona kupitia dirisha amesimama kando ya lile gari jeupe, Miwani yuko ndani, mlango wazi. Halafu akaingia akakaa naye. Wamekaa humo mpaka chai yake imepoa hapa mezani.

Amerudi sasa hivi. Ameniomba nimwandikie neno chini ya barua yangu. Nimemwambia mwandishi ameacha kazi, kalamu hiyo hapo. Ameinama mpaka pua inagusa karatasi. Usimcheke mwandiko.

Mama yako

BEI HAIJARUDI
NJOO HIVYO HIVYO

BABA